Mashairi Yaliyomaliza Wino

Juma hili mama mmoja mkimbizi, mwenyeji wa jimbo la Kasai, aliingia katika maktaba yetu hapa Elisabethville, ambako mimi ni mkutubi, akaelekeza kidole kwenye mashine ya kunakili karatasi.

"Baba, iko natumika? Bwana yangu alitoka kwetu Katuba siku bunduki zililia, hajarudia. Nataka jina yake ibandikwe mu kambi yote ya wakimbizi."

"Inatumika, mama. Ila wino umekwisha."

Akatazama rundo la karatasi zenye wino mbichi kando yangu. "Na hizi?"

"Mashairi yangu."

"Ya nini?"

"Ya undugu," nikasema. Tangu jimbo letu la Katanga lijitenge na Kongo kila mtu anahubiri undugu. Mimi nilikuwa nimeuhubiri mpaka wino wa umma ukaisha.

Hakunitukana. Ingekuwa afadhali. Aligeuza karatasi moja, akaipapasa kwa kiganja. "Nyuma iko nyeupe. Unipatie, nitaandika na mukono."

Nikampa zote.

Jumapili nilikwenda kambini. Jina la mumewe lilikuwa kwenye kila mti na kila kibanda, limeandikwa kwa makaa, herufi kubwa, na mashairi yangu yametazama magome na kuta. Watu walisimama, wakalisoma kwa sauti, wakaulizana. Sijapata kuwa na wasomaji kama hao. Na bado, nasema kwa aibu, mkono wangu ulinyanyua pembe ya karatasi moja nione kama beti zangu zimeloa.

Bibi mmoja akaupiga kofi mkono huo. "Acha, baba! Ile iko natafuta muntu."