Siku ya Kutengeneza Daraja

Daraja letu la magogo, hapa Burungu, lilichukuliwa na mafuriko mke wangu akiwa na mimba ya miezi minane. Kituo cha afya kiko ng'ambo ya mto. Nikajiambia salongo moja tu, ile kazi ya kijiji kizima, itatosha kurudisha magogo. Kumbe sikuwajua watu wa Mungu.

Salongo hufanyika Jumamosi. Wasabato wakasema Jumamosi ni ya Bwana. Wengine wakagoma: kwa nini wao watoke jasho wenzao wakiimba? Jumapili tukaikataa sisi Wakatoliki pamoja na Waprotestanti. Ijumaa Waislamu wawili tulio nao wanaswali, na msumeno ni wao. Jumatano kanisa la uamsho linafunga, na mwenye njaa habebi gogo. Alhamisi soko. Jumatatu na Jumanne ni za kulima maharagwe, ambayo hayana dini lakini huku kwetu yanaheshimiwa kuliko zote.

Tulikutana mara tatu. Kila dhehebu lilifungua mkutano kwa sala yake, na tulipofikia jambo lenyewe mvua ilikuwa inanyesha. Mwenyekiti akasifu umoja wetu. Nilikasirika. Lakini nyani haoni kundule: aliyeitetea Jumapili kwa sauti kubwa kuliko wote ni mimi, na misa sikuwa nimeiona tangu Pasaka.

Uchungu ulimshika mke wangu Jumamosi asubuhi. Tukamlaza kwenye machela ya miti. Kabla sijaita mtu, mzee wa Wasabato, yule mkali kuliko wote mikutanoni, alitoka kanisani na suti yake akashika mti wa mbele. Mwislamu mwenye msumeno akashika wa pili, mimi na mhubiri wa uamsho tukawa nyuma. Maji yalitufika kiunoni. Hakuna aliyeuliza nani afungue kwa sala. Mtoto alizaliwa salama kabla ya saa sita.

Tuliporudi, mzee akawa anakamua suruali yake ukingoni. Nilishindwa kujizuia, nikamuuliza.

"Papa, na Sabato?"

"Kubeba mugonjwa haiko kazi," akanijibu taratibu. "Daraja ndiyo iko kazi."

Mtoto sasa anatembea. Siku za chanjo namvusha mto mgongoni.