Stata Waliyosema Imeungua

Hapa Njombe mtu anaweza kuendesha gari bila stata mpaka akasahau kwamba magari huwa na stata. Milima ipo. Unaliegesha gari likitazama chini, unaweka jiwe mbele ya tairi. Asubuhi mtu anatoa jiwe, gari linateremka lenyewe, dereva anaachia klachi, linawaka. Watu wanauona ni ujanja. Mimi nauona ni upumbavu, na nina haki ya kusema hivyo, maana jiwe nilikuwa nalitoa mimi.

Gari lenyewe ni pikapu ya marehemu baba, imetoka kiwandani kabla sijabatizwa. Baba alipofariki, kaka yangu mkubwa akalishika. Hakuuliza mtu. Likawa linalala kwangu kwa sababu uwanja wangu una mteremko, yeye anakuja kulichukua kupeleka viazi Makambako. Kule ni tambarare, kwa hiyo siku nzima analiacha linanguruma, au anawabembeleza vijana wa stendi walisukume. Yote yalianza siku alipotuambia stata imeungua.

"Tununue nyingine," nikasema.

"Stata ya nini, mdogo wangu? Mlima huu hauungui."

Kisha ikaja asubuhi ya ukungu, nyasi zimelowa. Nimeinama natoa jiwe, yeye kashaachia hendibreki kabla sijasema tayari. Sitaeleza yote. Nilivunjika nyonga na mguu, nikalazwa mpaka nikawa namjua kila nesi kwa mlio wa viatu vyake, nikatoka nachechemea hivi ninavyochechemea. Kaka akawaambia watu nilikuwa nimelewa ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Asubuhi ile! Hata chai nilikuwa sijaionja. Wazee wa usharika wakaja kitandani kwangu, wakaomba, wakaniambia nimshukuru Mungu kwa kupona na nisiwe na neno na ndugu yangu. Mungu namshukuru mpaka leo. Wao sina la kuwashukuru. Hata mmoja hakuuliza kwa nini gari halina stata.

Basi mguu wangu ulipokataa kuinama, nani mnadhani alianza kutoa jiwe? Mke wangu. Kaka anapanda, anafunga mlango, anapiga kelele dirishani: "Shemeji, toa jiwe!" Na mke wangu, mtoto wa watu wa Mdandu, anajifunga kanga yake vizuri, anaingia mbele ya tairi lile lile. Mimi nimesimama mlangoni na fimbo, sipumui mpaka atoke. Mwaka huu nikasema imetosha. Sitamzika mwanamke huyu kwa ajili ya viazi vya mtu.

Nikaenda Makambako kwa muuza spea za zamani, karibu na yanapolala malori.

"Lete ile ya zamani, mzee, nilinganishe meno," akasema. "Nikikupa kwa macho tu utarudi kunitukana."

Neno la haki. Nikarudi kuifungua.

Sikumwita fundi. Majirani walinisaidia kulisukuma gari hadi nyuma ya jiko, ambako ni tambarare, nikaweka magogo kwenye matairi yote. Nikachomoa waya wa betri. Nikatandika gunia, nikalala chali chini ya gari, nyonga inanisema. Mke wangu akachuchumaa pembeni na spana.

"Umekufa humo?"

"Bado. Nikifa nitakwambia."

"Uniambie mapema, nina maharage jikoni."

Nikapapasa pale stata inapokaa, ubavuni, injini inapokutana na gia. Hakuna kitu. Nikadhani napapasa pasipo penyewe, nikaingiza kichwa zaidi. Tundu. Limezibwa kwa kipande cha kiroba, na ule waya mnene umefungwa kando kwa mpira wa tyubu, fundo zuri, fundo la mtu asiye na haraka. Hakukuwa na stata iliyoungua. Hakukuwa na stata kabisa.

Nikavuta kiroba, vumbi likanijaa machoni, nikabaki nimelala. Mke wangu akauliza nimeona nini.

"Shemeji yako," nikamjibu.

Makambako, muuza spea aliponiona nimerudi na kiroba mkononi, alicheka. Akauliza ni gari gani, la nani. Nilipomwambia akaacha kucheka.

"Ile pikapu ya rangi ya maziwa? Stata yake niliinunua mimi. Kaka yako aliileta mwenyewe. Nzima kabisa, ukiigusisha waya inaruka."

"Hukumuuliza kwa nini anaiuza?"

"Mzee, nikiuliza kila mtu, jioni nafunga duka."

Naye yumo katika ninaowalaumu. Ila aina yake aliikumbuka, akanitafutia kama ile, akaijaribu kwenye betri hapo hapo chini mpaka ikarusha cheche.

Kuifunga kulikula siku nzima. Bolti ya juu haionekani, unaitafuta kwa vidole. Mke wangu ndiye aliyeifikia, mkono wake ni mwembamba. Tukarudisha nyaya. Ufunguo ulikuwa humo humo garini siku zote, nani aibe gari la kusukuma? Akaingia yeye, akazungusha. Likaguna, likanyamaza. Akazungusha tena, likawaka. Alipiga kigelegele kifupi, kisha akalia.

Siku ya viazi kaka akaja.

"Kamwene," akasalimia, halafu akaona gari liko nyuma ya jiko. "Nani kaliweka huku? Litawakaje sasa?"

Mke wangu akapanda, akaliwasha.

Nikamtupia kaka kile kiroba miguuni. "Uliuza stata ya baba, ukaniweka mimi mahali pake. Nilipovunjika, ukamweka huyu."

"Mdogo wangu, wakati ule nilikuwa na shida."

"Nani hakuwa na shida? Na ule ulanzi wangu, niliunywea wapi?"

"Tusiongee haya mbele ya shemeji."

"Mbele yake ndipo hasa. Wewe ulikuwa umekaa, yeye ndiye alikuwa anainama."

Akasema ataita wazee wa usharika watusuluhishe. Nikamwambia awaite wote, nitawalaza mmoja mmoja chini ya gari niwaonyeshe lilipokuwa tundu. Mke wangu hakungoja tumalize. Alizima gari, akachomoa ufunguo, akaufunga kwenye pindo la kanga.

"Viazi vyako, shemeji, tafuta gari," akasema, akarudi jikoni.

Wazee hawajaja. Kaka naye hajarudi. Viazi vyake sijui vilifikaje Makambako, na sitauliza.