Hatua Kumi na Moja Hadi Jikoni

Nimechora nyumba za watu kwa miaka ishirini na sita, na mimi mwenyewe bado nimepanga. Chekeni tu, nimezoea. Ofisi yangu ni chumba kimoja juu ya duka la rangi, meza yangu ni mlango wa zamani niliouwekea miguu, na wateja wangu karibu wote ni wa aina moja: wanakuja na picha kwenye simu, wanataka nyumba kama ya jirani ila kubwa zaidi. Kwa hiyo yule mama alipoingia akasema anataka nyumba ndogo, nilidhani amekosea mlango.

Alikuwa fundi cherehani. Tepu ya kupimia haikumtoka shingoni hata siku za kwenda hospitali, ndiyo maana mtaa mzima walimwita Mama Tepu. Alikunjua karatasi ya kukatia magauni, ameichora vyumba vinne kwa chaki. Mistari yake ilinyooka kuliko yangu, na sikupenda.

"Kaka, nina presha ya macho," alisema. "La kushoto limeshakwenda. La kulia daktari kanipa mwaka, labda na ushee. Nataka nyumba niijue kwa miguu kabla sijaacha kuiona."

Nikachukua kalamu.

Tulipokubaliana mchoro, tulikwenda kiwanjani nikamwekea nyumba nzima chini kwa chokaa, kwa vipimo vyake halisi: kuta, milango, hadi pale jiko litakapokaa. Kuanzia hapo kila Jumamosi alikuja, akavua viatu, akafumba macho na kutembea ndani ya nyumba ambayo haikuwapo. Kitandani hadi bafuni, hatua sita. Mlango wa mbele hadi jikoni, kumi na moja, na ukifika hapo dirisha liko kulia kwako. Akikanyaga mstari alijigombeza mwenyewe: "We mama, unapita ukutani kama jini?" Kisha anarudi mlangoni kuanza upya. Mwezi wa tatu ulipoisha hakukanyaga hata mstari mmoja. Alisimama sebuleni kwake, juu ya vumbi, macho kayafumba, akaninyooshea kidole pale nilipokuwa nakohoa.

"Na wewe kaka, toka bafuni kwangu."

Nilicheka hadi machozi. Katika kazi hii sijapata siku nzuri kama ile.

Mumewe alikuwa msimamizi wa mafundi wa vigae, kazi zake za mbali, nyumbani anarudi mwisho wa mwezi. Ni mtu mwema. Laiti angekuwa mbaya, ningejua la kumfanya. Ugonjwa wa mkewe ulimshinda kuushika popote, basi akaushika mchoro.

"Fundi, daktari kasema mwanga unamsaidia," aliniambia. "Tuweke dirisha la kioo, kubwa, kuanzia chini hadi juu, upande wa kushoto jua linakotokea."

Dirisha lile likala nafasi ya jiko, jiko likasukumwa nyuma. Safari iliyofuata alitaka korido ipanuliwe, mkewe asije akajigonga. Safari nyingine mlango wa bafu ugeuzwe. Kila badiliko lilikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa mkewe. Nikambandika jina la Bwana Ongeza, kimoyomoyo.

Nilijaribu. "Mzee, mama ameshaizoea ile ya kwanza."

"Hii atazoea vilevile. Si anaona bado?"

Kila mara nilimwaga chokaa upya, na Mama Tepu akaanza upya. Lakini mistari ya zamani haikufutika yote, na hata ingefutika, miguu yake ilikuwa imekariri. Alikuwa akifika hatua ya kumi na moja, anakata kulia, anasimama, anafumbua jicho na kujikuta katikati ya korido.

Nikamwambia nampigia mumewe simu, leo hii, sasa hivi. Alinishika mkono wa shati.

"Usimwambie. Tangu siku ile ya daktari hali chakula wala halali usingizi. Akipata wazo la dirisha, siku hiyo anamaliza sahani. Nimnyang'anye na hilo?"

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, na mumewe, na huyo daktari, na zaidi mimi mwenyewe, mtu mzima mwenye kalamu mkononi ambaye anaambiwa futa anafuta, anaambiwa chora anachora. Simu sikuipiga.

Nyumba ilijengwa kwa mchoro wa nne. Mafundi walipoanza, kiwanja kikajaa misumari na vifusi, wakamkataza kuingia. Jicho la kulia halikungoja mwaka. Lilizima kabla ya bati kupanda.

Siku ya kukabidhiwa funguo tulikuwa watatu tu. Mumewe alifungua mlango, akataka kumshika mkono.

"Niacheni. Kwangu naingia mwenyewe."

Akavua viatu. Akatembea, mgongo umenyooka, midomo ikihesabu, na mumewe akimfuata nyuma kwa tabasamu la mtu aliyefaulu mtihani. Kumi na moja. Mama Tepu akasimama, akageuka kulia.

"Haya, niambie," mumewe alisema. "Dirisha lako likoje?"

Alinyoosha mkono. Kiganja kikatua kwenye plasta, kwenye ukuta mzima usio na kitundu. Kioo chote kilikuwa nyuma yake, jua likimpiga mgongoni. Niliona vidole vikipapasa kidogo kushoto, kidogo kulia, kisha vikatulia.

"Zuri, mume wangu," alisema, uso kwa ukuta. "Kubwa kweli."

Tabasamu la mumewe lilikwisha taratibu. Alimtazama mkewe, akalitazama dirisha, akanigeukia mimi.

"Ile ramani ya kwanza, bado unayo?"

"Ninayo," nilisema.

Kuta zilikuwa za tofali, na rangi ilishakauka. Tulisimama pale wanaume wawili, pamoja na miaka yetu yote ya ujenzi, na Mama Tepu akatupita katikati, mkono ukiparaza ukuta, akarudi hadi mlango wa mbele. Akageuka.

"Moja," alisema. "Mbili."