Mpira Utangoja

Uwanja wetu wa Kitengela ulikuwa na kasoro nyingi, na mimi niliyekuwa kipa nilizijua zote kwa magoti yangu. Wakati wa kiangazi udongo mweusi ulipasuka nyufa za kumeza kiatu. Mvua ikinyesha, udongo ule ule ulinata kwenye njumu hadi mtu mfupi akawa mrefu. Asubuhi nyingine tulikuta samadi ya nyumbu kwenye eneo la penalti, na mimi ndiye niliyezoa, maana wenzangu walisema hapo ni sebuleni kwangu.

Lakini kasoro kubwa, kwa macho ya wageni, ilikuwa njia ya ng'ombe. Ilikata uwanja mshazari, kutoka kibendera cha kona moja hadi karibu na goli la upande wa pili, imechimbika kwa kwato za miaka mingi. Ng'ombe waliifuata wakienda silanga kunywa maji, na wakaifuata tena jioni wakirudi bomani. Ardhi yenyewe ilikuwa ya baba wa kapteni wetu, mzee wa Kimaasai, aliyetuachia tuchezee miaka ya tisini, Kitengela ikiwa bado maduka machache kando ya barabara ya Namanga. Sharti lake lilikuwa moja tu.

"Chezeni," alituambia. "Lakini hiyo njia isifungwe. Ng'ombe ikikuja, mpira utangoja."

Na mpira ulingoja. Refa alipuliza filimbi, wachezaji wakaketi chini, ng'ombe wakapita kwa madaha yao, kisha mchezo ukaendelea. Timu za Rongai zilitucheka hadi zikashika mbavu, halafu tukazifunga, kicheko kikaisha. Nusu yetu tulikuwa Wakamba, watoto wa watu waliokuja kutafuta kazi upande wa Athi River, na nusu walikuwa wenyeji wenye mifugo. Baada ya mechi tulikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwa mama yangu na kushushia maziwa ya kwao. Sijawahi kula chakula kitamu kama kile, na nimekula kwingi.

Kapteni wetu alivaa namba tano. Alikuwa mrefu, mpole wa maneno, na mpira wa juu ulikuwa mali yake. Akisimama mbele yangu, mimi nilikuwa kipa wa kupamba goli tu. Sifa nilizopata miaka ile, nyingi zilikuwa zake.

Kisha ukaja ukame wa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nyasi ziliisha, silanga ikabaki matope, kisha matope yakakauka. Kapteni na wenzake wa Kimaasai walihamisha ng'ombe, wakaelekea upande wa Chyulu kufuata tetesi za majani. Tulibaki sisi watoto wa vibarua, na tukaanza kufungwa. Tukageuka kichwa cha mwendawazimu, kila kinyozi akaja kujifunzia kwetu. Tulifungwa Kajiado, tukafungwa Isinya, tukafungwa hata na timu ya Oltepesi iliyofika pungufu kwa sababu wengine walikosa gari.

Kocha wetu, mwalimu wa shule ya msingi mwenye bidii kuliko maarifa, akaamua kwamba tatizo ni uwanja. "Hakuna ng'ombe sasa," alisema. "Tupate uwanja kama watu." Basi tukafukia ile njia. Tulibeba mawe na mchanga kwa mikokoteni, tukashindilia, tukazungusha ua wa matawi ya miiba, hata nikafurahi jinsi mpira ulivyokuja kwangu bila kurukaruka. Mkulima akiona njia haitumiki huilima. Sisi tulikuwa watoto wa wakulima, na hakuna aliyefikiria zaidi ya hapo.

Mvua ziliporudi, kapteni naye alirudi. Tulikuwa mazoezini. Tulimwona kwa mbali, kisha tukaona ng'ombe walio mbele yake. Walikuwa wachache, mbavu nje, wanatembea kama wanaokumbuka jambo. Kimaasai, mtu humsalimu mwenzake kwa kumuuliza habari za watoto na habari za ng'ombe. Hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kuuliza.

Ng'ombe wa mbele alifika pale njia ilipokuwa inaanza, akakuta miiba, akasimama. Kapteni alitazama ua, akatazama mawe tuliyoshindilia.

"Hii njia ni nani alifunga?"

"Ni sisi," kocha akasema. "Tulikuwa tunatengeneza uwanja tu."

"Kwani mlisikia ng'ombe zetu zimeisha?"

Hakupaza sauti. Afadhali angetupiga kwa fimbo yake ya kuchungia. Aliwageuza ng'ombe wake, akawazungusha mbali, nasi tukabaki na mpira ambao hakuna aliyetaka kuupiga. Ndipo nilipoelewa tulichofanya. Huko alikokuwa akizika mifugo, alijipa moyo kwa kuwaza kurudi nyumbani, na nyumbani tulikuwa tumeshawafanyia ng'ombe wake matanga.

Kesho yake tuliifukua njia kwa majembe, tukachoma ua. Kocha alikwenda kwa mzee kuomba radhi. Mzee akamkaribisha chai, akamsikiliza, akamwambia, "Mwalimu, mimi sina neno. Mwenye kukasirika ni kijana, na hasira yake ni yake." Kapteni akawa anapita na ng'ombe kila jioni, anatazama mbele, bila kutusalimu. Mazoezini hakuja. Wenzake wa Kimaasai nao hawakuja. Kufungwa nilishazoea, lakini kupitwa na rafiki hivyo kulinitesa. Nilijua asiporudi, hiyo haitakuwa timu tena, na sisi wengine tutabaki kuwa wapangaji wanaochezea shamba la mtu.

Jumamosi moja walikuja vijana wa Gataka. Tulicheza kwa roho, na karibu jioni ilikuwa bado sare, bila bila. Ndipo winga wetu, fundi wa baiskeli mwenye mbio za swala, akapenya. Alimpita beki, akampita kipa, goli likabaki wazi mbele yake. Na pale pale ng'ombe wa kwanza akaingia kwa kibendera cha kona.

Refa alikuwa mgeni, hakujua desturi yetu, na filimbi hakuipuliza. Mimi nilikuwa mwisho wa uwanja, nikamwona winga akikanyaga mpira na kusimama.

"Piga!" nilipiga kelele. "Piga, wewe!" Nilimwongezea na matusi ya Kikamba, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiokota mipira wavuni kila wiki.

Hakupiga. Aliinua mkono, akaketi juu ya mpira. Wenzetu mmoja mmoja wakaketi, na mimi, nikiwa bado nanung'unika, nikaketi. Wa Gataka waliangua kicheko. Ng'ombe wakapita katikati yetu polepole, kwenye njia yao.

Kapteni alikuwa nyuma yao, na mamake nyuma yake na punda wa maji. Alifika kwa winga akasimama. Alimtazama yeye, akatazama goli tupu, akamtazama tena. Kisha akamgeukia mamake, akampa fimbo.

"Shomo," mama akamwambia, yaani nenda, akaendelea na ng'ombe.

Aliyekuwa amevaa namba tano aliivua jezi kabla hajaombwa. Kapteni aliingia miguu mitupu. Refa alidondosha mpira, beki wa Gataka akauondosha kwa pupa ukawa kona, na ilipopigwa ile kona niliona kichwa kimoja juu ya vyote. Nilijua ni goli kabla wavu haujatikisika. Nililia, na sioni haya kusema hivyo.

Filimbi ya mwisho ilipolia, alikuja golini kwangu kama zamani. Nikamuuliza nilichopaswa kumuuliza siku ile aliporudi.

"Ng'ombe ziko salama?"

"Zile zilibaki," akasema, "ziko salama."

Tukaenda kwa mama yangu kula muthokoi. Maziwa yalikuwa kidogo, tukapokezana kikombe kimoja. Wenzake walirudi wiki iliyofuata, na kuanzia hapo tulishinda mfululizo hadi wale wa Rongai wakaanza kutuita majina mabaya, dalili njema kabisa.

Siku hizi uwanja haupo. Mzee alifariki, ardhi ikakatwa ploti, na pale nilipokuwa nikizoa samadi pana jengo la ghorofa lenye nguo zimeanikwa kila dirisha. Lakini kapteni ndiye aliyesimama na wapimaji, na katikati ya ploti hizo zote za mraba pana kinjia kimoja kinachokwenda mshazari. Wakazi wapya hulalamika kwamba kimepinda na kinakula ardhi bure. Ng'ombe hawapiti tena hapo. Mimi hupita na kigari changu, na nikikuta mtu ameegesha katikati akaziba, hupiga honi mpaka atoke aondoe gari lake.