Mguu wa Getini

Mlinzi wa zahanati ana mwandiko kama wa kuku aliyekanyaga wino, lakini thubutu kumcheka: "Shule niliacha mwenyewe, walikuwa wameishiwa cha kunifundisha!" Kila anayeingia lazima aandikwe kwenye daftari: jina, saa, shida. Na foleni nzima imetega masikio. Mshauri nasaha wa waliolemewa na mawazo yupo ndani, tena bure, lakini kijana aliyechoka kuishi eti aanze kuitangaza shida yake getini kama anayenadi mitumba! Mmoja alitaja jina, akaulizwa shida, akageuka akaondoka. Wiki hiyohiyo akajiua.

Tangu siku hiyo, kijana akisitasita, mlinzi analamba kidole, anafunua ukurasa, wala hamtazami usoni. "Mguu huo, eh, mdogo wangu?" Anaandika "mguu", kisha anamsindikiza mwenyewe hadi kwa mshauri. "Chechemea basi, usiniaibishe!"

Jana mkuu wa zahanati kalipekua daftari, kafoka: "Vijana thelathini, wote mguu? Unaandika uongo!"

Mlinzi akavua kofia, na huwa haivui kwa mtu.

"Kuna mmoja sikumwandikia mguu, bosi. Ukurasa wa kumi na mbili. Jina lipo, shida haikujazwa. Haya, kamwite aje aijaze."