Tawi Bichi Njiani

Mama yangu, Bulonza, huosha wazee wa watu wiki nzima katika nyumba ya wazee hapa Buffalo. Jumamosi hulala tu. Jumamosi hii nilimlazimisha tukatembee msituni kando ya ziwa, kwenye njia iliyopakwa alama za bluu mitini ili hata mgeni asipotee.

Tulienda vizuri mpaka tukakuta tawi bichi, limejaa majani, limelala katikati ya njia. Mama akasimama.

"Turudi, Gentille."

"Mama, ni upepo tu. Alama ile pale, inasema tupite."

"Alama ilipakwa zamani. Tawi ni la leo."

Nilikasirika. Miaka yote hii Amerika, bado anaogopa kila kitu! Kwao Kivu, wakati wa vita, waliotangulia kukimbia walilaza tawi bichi njiani kuwaonya walio nyuma kwamba mbele kuna wenye bunduki. Hilo nalijua, amenisimulia mpaka nimechoka. Lakini hapa? Mzungu mmoja alitupita akikimbia na mbwa wake, akaliruka lile tawi bila hata kulitazama.

"Umemwona?" nikamwambia. "Amepatwa na nini?"

Nikainua mguu nami niruke. Mama akanikamata mkono, kucha zikaniingia.

"Bon, Gentille. Unaniulizaka kila siku kwa nini papa yako hakufika kwenye kambi ya wakimbizi."

Nikaushusha mguu.

"Na yeye alisema ni upepo tu."