Mpakiaji wa Gari la Kaoze

Katika stendi ya Sumbawanga, mpakiaji wa gari la Kaoze hutazama mzigo kabla ya mwenye mzigo. Magunia huyalaza katikati ya keria, juu ya paa la gari, magodoro juu yake. Akishakaza kamba hulisukuma gari kwa bega, akisikiliza kama mzigo unacheza. Leo naye anasafiri. Shemeji yake anaoa kesho, na gari jingine hakuna. Keria imejaa, mama mkwe wake ndiyo kwanza anafika na gunia la maharage ya harusi.

"Leo umepatikana!" abiria wanamcheka.

Anainamisha kichwa. "Shikamoo, mama. Tukiliongeza juu, kona za mteremkoni zitatupindua."

Mama haitikii shikamoo, analitazama gunia. Wageni watakula nini?

Mpakiaji analiingiza gunia ndani, analisimamisha kwenye kiti chake mwenyewe. Mama akishapanda, anafunga mlango, yeye akibaki nje.

"Msalimie bwana harusi, mama."

"Marahaba, baba," anaitikia sasa, gari likiondoka.